Mama moyo wamwenda mbio tokea mafuriko, nimlete Unguja?

MtuWaKojani: Assalamu alaikum. Mie niko Unguja kikazi, mama yuko Wete, Pemba. Masika haya maji yaliingia ndani usiku, ukuta wa chumba chake ukalala. Jirani kamtoa mgongoni, maji ya kiuno. Hakuumia hata ukucha. Lakini sasa wingu likifunga tu, moyo wamwenda mbio, jasho, kifua chambana. Nataka nimlete kwangu Mwanakwerekwe. Boti ya mchana au meli ya usiku, ipi haitomtaabisha?

ChazaMkavu: Unamkimbiza maji halafu unamleta Kwerekwe? 😂

BintiNgazija: Pole kaka. Mie tokea meli ya Spice Islander izame, Septemba 2011, meli ya usiku siipandi. Baba hakuwemo melini, alikuwa nchi kavu akiwasubiri wenzake, na presha yake ilianzia hapo. Mpaka leo simu ikilia usiku hushika kifua.

SheikhMtandao: Twajenga kwenye mapito ya maji, kisha twalia. Msomeeni Ayatul Kursi.

NesiMstaafu: Boti baadaye. Ana presha? Anatumia dawa gani?

MtuWaKojani: Anayo ya siku nyingi, ila imetulia.

NesiMstaafu: Nimeuliza dawa.

MtuWaKojani: Atenololi. Zililowa usiku ule. Kisha mwalimu mmoja kamwandikia kombe, aya za kuoshwa na kunywewa, kasema asichanganye na vidonge mpaka limalize. Msinirukie, mwenyewe ndiye aliyetaka, na angalau sasa apata lepe la usingizi. Tena tiketi nshakata.

NesiMstaafu: Kombe anywe, nani kamkataza? Lakini atenololi haikatwi ghafla. Moyo uliozoea kuzuiliwa ukiachiwa hupiga mbio, presha hupanda, na mshituko wa moyo waweza kumpata. Juu yake hofu ya mafuriko. Apimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, leo hapo hapo Wete. Na vidonge asivirejee mwenyewe, daktari ndiye atakayempangia.

MsomaMagazeti: Nesi hatanii. Tetemeko la Northridge, California, 17 Januari 1994, saa 10:31 alfajiri: siku ile Los Angeles vifo vya ghafla vya moyo vilifika 24, na wiki iliyotangulia wastani haukufika 5 kwa siku. Wengi wao hawakuangukiwa na kitu. Tena kuna takotsubo, jina la Kijapani, mtu akishituka chumba cha kushoto cha moyo hutuna. Dalili ni zile zile za mshituko wa moyo lakini mishipa haikuziba, na wengi hupona. Huwapata zaidi kina mama watu wazima. Bila vipimo humjui yupi ni yupi.

ChazaMkavu: Ngojeni. Mwezi wa Ramadhani, huyu kaandika humu anatafuta mke, kasema wazazi wake wote wametangulia mbele ya haki. Leo mama kafufuka? Sasa hivi mtaletewa namba ya kuchangia.

SheikhMtandao: Subhanallah! Kumzulia mama maradhi!

MtuWaKojani: Nani kaomba shilingi? Huyu ni mama yake mama, ndiye aliyenilea. Sijamwita vyengine tokea mdogo.

NesiMstaafu: Umri?

MtuWaKojani: Sabini na ushei. Asubuhi kaniambia mkono wa kushoto wamuuma. Sikutaka kuwatia hofu.

NesiMstaafu: Mpigie jirani SASA HIVI. Gari yoyote, hospitali.

ChazaMkavu: Kama kweli, niwie radhi. Mke ulipata?

NesiMstaafu: Acha upuuzi wee. Kijana, jirani kapokea?

MtuWaKojani: Kapokea. Gari hana, anatafuta.

BintiNgazija: Wete sehemu gani? Kaka yangu yuko Limbani na gari anayo. Nitumie namba ya jirani inboksi.