Mtoto kasoma na kaelewa, anaandikiwa "HAJUI KUSOMA" kisa kaandika "ngobe"!!

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie.

Mwanangu yuko darasa la tatu, kaleta karatasi ya ufahamu ana 3 kati ya 10 na chini mwalimu kaandika kwa wino mwekundu hajui kusoma. Nikamwambia haya nisomee, kasoma habari yote kwa sauti mpaka mwisho bila kukwama, namuuliza maswali yaleyale kwa mdomo anajibu yote, hadi lile la kwa nini mzee alimfokea kijana kanieleza vizuri kabisa. Sasa angalieni kilichopigwa mkasi. "Kijana alikuwa anachunga nini?" kaandika ngobe, kosa. "Alikwenda wapi?" kaandika mtoni, kosa, eti siyo sentensi kamili. Jamani kama alikwenda mtoni si alikwenda mtoni??

Kama unapima tahajia toa imla, ipo na ina alama zake, usinichanganyie na ufahamu halafu uniambie mtoto hasomi. Hata Uwezo, wale wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, wakipita majumbani mtoto anasoma hadithi anaulizwa maswali anajibu kwa mdomo, na EGRA (kipimo cha kusoma kwa madarasa ya chini) waliyofanya hapa Tanzania 2013 kwa darasa la pili, kwenye ufahamu ilikuwa hivyohivyo, anasoma kwa sauti anaulizwa anajibu kwa mdomo. Hao walitaka kujua kama mtoto kaelewa, basi.

Na kinachoniuma zaidi siyo hizo alama. Wamemhamishia kundi la wasiojua kusoma, anakaa anaimba ba be bi bo bu na watoto ambao kweli herufi bado, wakati shida yake ni kuandika ng'o na mbe, hicho hakuna anayemfundisha! Mwakani ana upimaji wa darasa la nne, kule ni kuandika tu, kwahiyo afundishwe kuandika, sipingi hata kidogo, ila mfundisheni kile asichokijua.

Najua mtasema madarasa yana watoto mia na zaidi mwalimu atamuuliza nani kwa mdomo. Sawa, siyo wote, waite wale waliofeli tu, mmojammoja, dakika mbili kila mtu, kabla hujamwandikia mtoto maneno mazito kama hayo.

Jumatatu naenda shuleni na hiyo karatasi. Walimu mliomo humu, kuna mwongozo wowote unaosema jibu sahihi la ufahamu lenye kosa la tahajia linapata sifuri? Wekeni hapa niende nikiwa najua.