Mrejesho: mzazi anayemfokea mwamuzi katika besiboli ya watoto

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu mzazi mwenzetu ambaye, katika kila mchezo wa timu ya watoto wetu wenye umri wa miaka 11 na 12, alikuwa akisimama nyuma ya wavu na kumfokea mwamuzi kila mpira uliorushwa na mwanawe ulipohesabiwa kuwa nje ya eneo la straiki, yaani eneo ambamo mpira unapaswa kupita mbele ya mpigaji ili uhesabiwe kuwa mzuri kwa mrushaji. Wengi mlinishauri nisimkabili mbele ya watu, bali nizungumze na kocha, nami nikafanya hivyo.

Kocha hakumtaja mtu. Aliwaomba wazazi wote wakae pembeni mwa uwanja, mbali na wavu ulio nyuma ya mdakaji (mchezaji anayedaka mipira nyuma ya mpigaji), kwa sababu mtu aliyeko pembeni hawezi kuona vizuri kama mpira umepita ndani au nje, na hivyo hana hoja ya kubishania. Hatua hiyo ndogo imesaidia kuliko hotuba yoyote, ingawa mhusika alibaki nyuma ya wavu.

Ugomvi mwingine ulizuka kuhusu idadi ya mirusho. Kanuni za Little League (shirika la besiboli ya watoto), tunazozifuata, zinaweka kikomo cha mirusho 85 kwa siku kwa kila mrushaji wa umri huo, na baba huyo alikasirika mwanawe alipofikia kikomo na kuondolewa timu ikiwa inaongoza (hata mimi, nakiri, niliguna). Mtoto mwenyewe alimkabidhi mwenzake mpira, akampigapiga begani, akaenda kukaa benchi akitabasamu. Baba alimtazama kimya. Jumamosi iliyopita alikuja na kiti chake, akakiweka pembeni, karibu na changu.