Residensi ya wiki sita Niue: nibebe vifaa gani, na kazi zitatokaje salama?

wino_na_brashi
Wakuu, habari za kazi. Nina nafasi ya residensi (makazi ya muda ya wasanii) Niue, kisiwa kidogo cha Pasifiki, wiki sita kuanzia mwanzo wa Juni. Mpango ni karatasi za pamba za sm 76 kwa 112 (wino na akriliki), kanvasi tatu za rangi ya mafuta, na kujifunza hiapo, kitambaa chao cha magome. Naomba mnisaidie: mizigo ipitaje, karatasi isishikwe na ukungu vipi, na ni sawa kutumia michoro ya hiapo kwenye kazi zangu?

fundi_fremu
Kabla ya rangi, tazama kibali cha kukaa. Mgeni hupewa siku 30 anapofika akiwa na tiketi ya kurudi, na wiki sita ni siku 42. Wenyeji wako wakuombee muda zaidi kabla hujasafiri. Ndege inatokea Auckland, kwa hiyo angalia pia kama pasipoti yako inadai viza ya kupitia New Zealand. Halafu kuna mstari wa tarehe: ukiondoka Auckland Jumamosi unatua Niue Ijumaa. Wengi wanakosea siku ya kupokelewa kwa sababu hiyo.

Usitegemee meli kwa kitu unachokihitaji wiki ya kwanza. Niue haina bandari ya kina. Meli husimama nje na shehena huletwa ufukweni Alofi, mji mkuu, kwa mashua, na bahari ikichafuka kazi hiyo inasimama.

Karatasi zizungushe ili urefu wa bomba uwe upande wa sm 76. Bomba la kipenyo cha sm 15 likiwa na mifuniko lina sm 80 hivi, na ukijumlisha urefu, upana na kimo unapata sm 110. Mashirika mengi huruhusu hadi sm 158. Ukizungusha kwa upande wa 112 unakaribia kikomo bure. Kanvasi nazo zipeleke bila fremu, zikatwe upana huohuo na ziachwe ukingo wa sm 8 kila upande. Zibane kwenye ubao ukifika, utazifunga fremu nyumbani. Fremu za mbao ni uzito, na ni swali jingine kwa wakaguzi wa mimea na wadudu.

Akriliki na wino wa maji vinapita kwenye begi la chini. Rangi za kupuliza na tapentaini hapana kabisa: mvuke wa tapentaini unaweza kushika moto ukikutana na cheche kuanzia nyuzi 35 hivi. Rangi za mafuta zenyewe kwenye tyubu kwa kawaida haziwaki kirahisi, lakini chapisha karatasi ya usalama ya mtengenezaji uiweke juu ya tyubu, maana mkaguzi akiona neno "mafuta" peke yake anaweza kuzitoa.

msimamizi_wa_ghala
Nizungumzie ukungu, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za visiwani zinapofia.

Juni ni msimu wa ukavu kwa kule (vimbunga ni Novemba hadi Aprili), lakini kisiwa ni kidogo, km² 260 tu, na upepo wa chumvi unafika kila mahali. Ukungu huanza unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa mfululizo, hasa hewa ikiwa imetulia. Karatasi iliyopakwa jelatini ndiyo chakula chake. Toa karatasi za siku moja tu, nyingine zibaki kwenye bomba lililozibwa kwa utepe pamoja na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) ya aina inayobadilika rangi. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe jeli hiyo kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Nunua kipima unyevu kidogo ukiweke NDANI ya chombo. Cha ukutani hakikuambii lolote kuhusu karatasi zako.

Kazi iliyokamilika usiifunge siku hiyohiyo. Akriliki inahisi kavu juu huku maji yakiwa bado chini, na ukiifunga, unyevu wote unabaki ndani. Ipe siku tatu mbele ya feni. Katikati ya kazi na kazi weka karatasi ya kuokea yenye silikoni. Akriliki kwenye joto hunata, na karatasi laini ya kawaida itaganda hapo isitoke tena. Zungusha upande wenye rangi ukiwa nje, kwa sababu ukiwa ndani unajibana na kukunjamana.

Mafuta: changanya na alkidi (kimiminika cha kuharakisha ukaukaji) ikauke kwa siku moja au mbili, na maliza kanvasi kufikia wiki ya tatu. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike kamwe. Yanapokauka yanazalisha joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yaloweke kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Pini za chuma cha kawaida zitaacha madoa ya kutu. Beba za shaba.

mwanagome
Kuhusu hiapo. Zile za karne ya 19 zilichorwa kwa mkono, mistari myembamba sana, majani, wakati mwingine watu na majina. Utengenezaji ulikatika kwa muda mrefu, na wanaoufufua leo, kama msanii Cora-Allan, wanafanya kazi yenye uzito kwa familia zao. Mchoraji John Pule, aliyezaliwa kijiji cha Liku, Niue, mwaka 1962, amejenga uchoraji wake juu ya mpangilio wa hiapo, na yeye ni Mniue. Kwa hiyo jifunze ufundi kwa moyo wote, lakini michoro usiinakili. Uliza kwanza, na ukikubaliwa, taja aliyekuruhusu kila unapoonyesha kazi.

Ufundi wenyewe: gome hutoka kwenye mti wa mforosadi wa karatasi, shina lililonyooka lisilo na matawi, kwani kila tawi linaacha tundu. Gome livuliwe siku lilipokatwa. Likikauka linang'ang'ania mti. Tenga utando wa ndani, ukwangue, uloweke, kisha ponda juu ya gogo. Ukiwa mkavu unachanika, ukilowa mno unakuwa uji. Anika ukiwa umebanwa kwa mawe pembeni. Wino mwepesi utasambaa kufuata nyuzi, kwa hiyo jaribu kwenye kipande kwanza.

Na Jumapili usiponde. Ni siku ya ibada na mapumziko, na kelele ya gogo inafika mbali.

wino_na_brashi
Asanteni sana. Hiapo na vipande vya matumbawe vinaweza kurudi nami kupitia Auckland?

fundi_fremu
Hiapo safi, kavu, isiyo na wadudu: tangaza kwenye fomu na uionyeshe. Usipotangaza kitu cha mimea faini ya papo hapo ni dola 400 za New Zealand. Matumbawe magumu na makombe ya chaza wakubwa (Tridacna) yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, yaache ufukweni. Ukitaka umbo lake, lisugue kwa penseli juu ya karatasi nyembamba.

mwanagome
Kabla ya kushuka ufukweni kusugua, uliza kijijini kama sehemu hiyo iko chini ya fono, yaani marufuku ya kijiji ya kuitumia. Ikiwa imefungwa, huingii.