Wageni wa misheni kufundisha mama zetu biashara: tunasaidiwa au tunapigwa picha?

Binti_wa_Sofia: Habari zenu wana Busia upande wa Uganda, na nyie wa mbali. Kanisa letu limepokea wageni kumi na wawili kutoka Marekani. Wapo siku kumi, na asubuhi tano wanawafundisha akina mama wenye biashara ndogo: kutunza hesabu, kupanga bei, kuvuta wateja. Mama yangu anauza dagaa na nyanya. Ili ahudhurie, anafunga kibanda kuanzia saa mbili mpaka saa saba, siku tano mfululizo. Yaani mtu anaacha biashara aende kufundishwa biashara. Jana nikamwuliza wamejifunza nini, akasema "mteja ni mfalme". Huyu ameuza miaka ishirini na mbili, kasomesha watoto watano kwa dagaa. Nauliza bila matusi: mafunzo haya yana maana, au tunawasaidia wageni wapate picha za kwenda kuonyesha kwao?

Mlokole_Tororo: Dada, hao watu wamejilipia ndege. Wametumia likizo yao, wangeweza kwenda kuota jua ufukweni. Wamekuja kula posho, yaani ugali, na maharage kwetu na bado tunawasema. Soma Mithali 31, mwanamke anayenunua shamba na kuuza mishipi. Biashara ya mwanamke imo kwenye Biblia tangu Busia haijawa hata njia ya mbuzi.

Muuza_Vitenge: Yule wa Mithali 31 alikuwa na wajakazi, ndugu yangu. Mstari wa 15. Nipe wajakazi wawili uone kama sitaamka usiku kusuka mishipi.

Boda_wa_Mpakani: Mnazunguka mbuyu. Akina mama wanakwenda kwa ajili ya soda na nauli, basi. Mimi ndiye ninayewabeba. Kwangu wanalipa elfu moja, kule wanaandikisha elfu tano. Hiyo ndiyo biashara waliyosomea na wote wamefaulu.

Mama_Chapati: Wewe kijana wa boda, mama yako anajua unavyoongea? Mimi nimo kwenye hayo mafunzo. Nauli tulipewa siku ya kwanza tu, na soda moja, tena ya moto. Kibanda changu asubuhi kinaingiza elfu arobaini. Niambie ni mwendawazimu gani anaacha elfu arobaini kufuata Mirinda ya moto.

Nieleze nilichopata, halafu mseme mnachotaka. Mwalimu wetu ni binti mdogo, nadhani hajawahi kukanda unga maisha yake yote. Akaniuliza kwa mkalimani: chapati moja inakugharimu shilingi ngapi? Nikakosa jibu. Miaka tisa nachoma chapati, sina jibu. Tukakaa tukahesabu. Kilo ya unga 2,800, mafuta 600, mkaa 300, kijana anayenisaidia 250, maji na chumvi 150. Jumla 4,100. Kilo natoa chapati kumi, nauza 500 kila moja. Kwa hiyo chapati nzima, na moshi wote ule machoni, inaniachia shilingi 90. Usiku huo sikulala.

Boda_wa_Mpakani: Samahani mama. Lakini soda mlikunywa.

Mpishi_Jinja: Kumi kwa kilo?? Nnyabo, hizo si chapati, ni blanketi. Mimi kilo natoa kumi na nne, na foleni iko mpaka barabarani.

Boda_wa_Mpakani: Kumi na nne! Ukiinua moja mbele ya jua unaona Kenya.

Mpishi_Jinja: Cheka. Kwa hesabu ya Mama Chapati hapo juu, 4,100 gawa kwa kumi na nne ni kama 293. Mimi nabaki na 207, yeye 90. Tatizo lake si elimu, ni unene.

Mama_Chapati: Wateja wako ni wanafunzi na watalii wa rolex, chapati inakunjwa na mayai na kabeji, nani ataona wembamba? Wangu ni madereva wa malori. Mtu amelala kwenye usukani akingoja karatasi zake zipite, anataka chapati mbili na chai ashibe mpaka jioni. Nilijaribu kupunguza mwaka juzi. Wiki moja tu wakahamia kwa jirani. Na huyo jirani mpaka leo hanisalimii vizuri, anadhani nilimletea wateja kwa mtego.

Muuza_Vitenge: Sasa hilo mwalimu wako wa Marekani alilijua?

Mama_Chapati: Hakulijua. Alisema nipandishe bei iwe 700. Darasa zima tukacheka, akawa mwekundu, maskini. Noti na sarafu za kurudisha chenji tu ni vita, nani atakubali 700?

Mwalimu_Mstaafu_Mbale: Vijana, acheni unga kidogo. Jambo hili si geni Uganda. Wamisheni wa Kianglikana walipofika kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda, mwaka 1877 akiwemo Mackay, walikuja na ufundi pamoja na Injili. Mackay alikuwa fundi, alichapa, alifua chuma, watu wakamwita Mzungu wa Kazi. Pamba iliyotusomesha sisi watu wa mashariki ilisukumwa na Kampuni ya Uganda, ya mwaka 1903, iliyotoka mikononi mwa wamisheni hao hao. Kwa hiyo misheni na biashara ni ndugu wa tumbo moja.

Mwana_Bombo: Mzee wangu shikamoo. Mackay alifika Buganda 1878. Wa 1877 walikuwa wengine. Na kuna jambo umeliruka: Mackay hakurudi kwao. Alikufa huku, 1890, kule kusini mwa Ziwa. Huwezi kumweka mizani moja na mtu wa siku kumi mwenye tiketi ya kurudi.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale: Marahaba. 1878, sawa, umri huu. Lakini hoja yangu umeiacha.

Mwana_Bombo: Hoja ya pamba? Mzee, aliyelima alikuwa babu yako, aliyepanga bei hakuwa babu yako. Kama hilo ndilo somo la biashara, tumelisoma vya kutosha.

Na nina swali ambalo hakuna anayeligusa. Dada yangu ni Mnubi, Mwislamu, ana cherehani tatu. Alialikwa mafunzo kama hayo, mji sitautaja. Siku ya mwisho kabla ya vyeti wakaomba wanaotaka kuokoka wapite mbele. Akabaki kiti cha nyuma peke yake na mtandio wake, wote wanamtazama. Cheti alipewa, sikatai. Lakini sasa tuambiwe, mtu akijua faida na hasara ni lazima aokoke kwanza?

Mlokole_Tororo: Hakuna aliyemlazimisha. Nyumba ni ya kanisa, ukialikwa kwenye harusi unalalamika kwa nini kuna bwana harusi?

Mwana_Bombo: Harusi kadi inasema harusi. Kadi yake ilisema biashara.

Muuza_Vitenge: Hapo umempata.

Mlokole_Tororo: Sijapatwa. Na mbona misaada ya upande wenu visima vinaandikwa majina ya

Mlokole_Tororo: Nimefuta, nimeona si vizuri. Tusamehane.

Katibu_wa_Sanduku: Mimi niwarudishe kwa pesa. Kikundi chetu cha akiba kina wanawake ishirini na tano, sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Kila Jumatano tunanunua hisa, mwisho wa mwaka tunagawana. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991, si Marekani, na wenye mtindo hawakutuambia "mteja ni mfalme". Wageni walipotutembelea walishangaa sanduku kama wameona simba. Wakapiga picha ya kufuli! Halafu wakatufundisha kufungua akaunti benki. Benki yenyewe bodaboda elfu sita kwenda na kurudi. Tukiweka kwenye simu, kutoa kuna ada, na serikali nayo inachukua nusu asilimia yake. Hilo kwenye vitabu vyao halikuwepo.

Binti_wa_Sofia: Asante, hicho ndicho nilichokuwa nauliza. Kwa hiyo unasema hayana maana?

Katibu_wa_Sanduku: Sikusema hivyo. Kitu kimoja kilitusaidia: kutenganisha mfuko wa nyumba na mfuko wa kibanda. Tulikuwa tunajua, lakini mgeni akilisema, mume anasikia. Ukilisema wewe ni kiburi.

Boda_wa_Mpakani: Sasa wanaume tumeingiaje?

Katibu_wa_Sanduku: Mmeingia kwenye mtaji, ssebo. Mwenzetu alipata milioni moja ya PDM, ule mkopo wa serikali wa kuinua kaya, akanunua nguruwe. Baba watoto akauza nguruwe wawili wa Krismasi. Somo gani la siku tano linamfikia huyo? Wamfundishe yeye!

Boda_wa_Mpakani: Na aliyekula nguruwe ni nani? Mama hakula? Watoto hawakula? Krismasi ilikuwa ya mwanamume peke yake?

Muuza_Vitenge: Banange, huyu ndiye aliyewauza.

Boda_wa_Mpakani: Mimi nina mbuzi tu. Na sijaoa.

Mama_Chapati: Tunaelewa kwa nini.

Mpishi_Jinja: Tukirudi kwenye unga. Mama Chapati, jaribu kumi na mbili. Kanda kwa maji ya uvuguvugu, acha ulale saa moja, chapati inatanuka bila kuwa nyembamba. Utabaki na 158 hivi. Sikutozi cheti.

Mama_Chapati: Saa moja unga ulale, mimi naamka saa kumi na moja. Niamke saa kumi? Sawa, nitajaribu Jumatatu. Wewe umejifunzia wapi?

Mpishi_Jinja: Kwa shangazi yangu. Alikuwa ananipiga na mwiko.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale: Bado sijajibiwa kuhusu pamba.

Binti_wa_Sofia: Jamani nilitaka kujua tu kama mama afunge kibanda na kesho. Leo nyanya zimelala, zingine zimeanza kulainika. Ninamwambia abaki, anasema amewaahidi.

Mama_Chapati: Mwambie aje nikae naye, mwanangu. Nyanya laini aniletee mimi, nitatengenezea kachumbari ya madereva, nitamlipa bei ya jana. Kesho ndiyo siku ya daftari la madeni, na mimi nadaiwa na kudai nusu ya Busia. Jiko nimemwachia kijana. Nimempa unga kilo nane, nikirudi nataka kuona hela ya chapati themanini.

Boda_wa_Mpakani: Habari za asubuhi. Nimepita kwa Mama Chapati. Kijana anasema zile themanini ziko sawa, mimi nimekula mbili.

Mama_Chapati: Tupo darasani, naandika haraka. Umelipa?

Boda_wa_Mpakani: Si mpo kwenye daftari la madeni? Niandike.