Pedi ya PS4 au ya Xbox kwenye kompyuta, nichukue ipi?

Kijana wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nimeona pedi mbili zilizotumika, zote za bila waya. Moja ya mashine ya gemu ya PS4, nyingine ya Xbox. Bei zimepishana elfu kumi tu. Nataka ya kuchezea gemu kwenye kompyuta, kibodi imenichosha, vidole vinauma. Jumamosi naenda kulipia. Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

Kipanga
Mkuu, nusu ya swali umebaki nayo mwenyewe. Kompyuta gani? Windows ngapi? Ina Bluetooth? Unacheza gemu gani? Halafu hiyo Xbox ni ya toleo lipi, 360, One au Series? Ukisema "Xbox bila waya" unataja pedi nyingi, na kuna ambazo kompyuta yako haitaziona hata ukae nazo mwezi mzima.

Baba Naima
Chukua Xbox. Pedi ya Xbox na Windows zote ni za Microsoft, zinajuana tangu kuzaliwa. Ukiiunganisha gemu linaitambua papo hapo, na maandishi ya A, B, X, Y kwenye skrini ndiyo hayohayo yaliyoko mkononi. Ukiwa na ya PS4, gemu nyingi zinakwambia bonyeza A wakati wewe unatazama msalaba na duara. Mpaka uzoee umeshafungwa mabao mawili.

Binti wa Mvita
Baba Naima, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Niko Mombasa, natumia ya PS4 mwaka wa tatu sasa. Kuiunganisha ni rahisi: washa Bluetooth ya kompyuta, bonyeza kitufe cha Share pamoja na kile cha katikati cha PS, ushikilie mpaka taa ya mbele ianze kumetameta harakaharaka. Itatokea kwa jina la "Wireless Controller", ichague, basi. Ukichezea ndani ya Steam, ile programu ya kununulia na kuchezea gemu, huhitaji kitu kingine, Steam inaijua tangu 2016. Nje ya Steam unaweka DS4Windows, ni ya bure, inaifanya kompyuta idhani ni pedi ya Xbox 360. Na kwa mkono mdogo kama wangu inakaa vizuri. Ile ya Xbox naiona nene.

Baba Naima
Marahaba mwanangu. Lakini umeshataja programu mbili, na mimi sijataja hata moja.

Kipanga
Na mwenye DS4Windows ajihadhari na jambo moja. Kuna gemu zinaona pedi mbili kwa wakati mmoja, ile halisi na ile ya kuigizwa. Unabonyeza mara moja, menyu inaruka hatua mbili. Dawa yake ni HidHide, inaificha ile halisi. Nilihangaika wiki nzima nikidhani kitufe kimekwama.

Mzee wa Chaji
Ngoja nisimulie yaliyonikuta, mwenzetu asije akaumia kama mimi.

2019 nilinunua pedi nyeupe ya Xbox 360, ya bila waya, haina hata mkwaruzo. Muuzaji akaniongezea na waya wake, akaniambia huu ukichomeka kwenye kompyuta unacheza, bila waya utahangaika nayo baadaye. Nikalipa vyote viwili. Nimefika nyumbani nimechomeka, taa za kijani zikawaka, moyo ukatulia. Nikafungua gemu: hakuna kitu. Nikaenda kwenye orodha ya pedi ya Windows: tupu. Nikabadilisha tundu la USB, nikabadilisha kompyuta, nikaenda kwa jirani mwenye kompyuta ya mezani. Taa zinawaka, pedi haipo.

Usiku ule nikafuta Windows nikaweka upya. Picha za mahafali ya mdogo wangu zilikuwa humo humo na sikuwa na nakala. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Kesho yake ndipo nikaja kuelewa. Pedi ya 360 ya bila waya, ule waya wake unapitisha chaji peke yake. Vibonyezo havipiti humo hata kidogo. Na hewani haitumii Bluetooth, ina mawimbi yake, kwa hiyo lazima uwe na risiva yake maalumu ya kuchomeka USB. Nilirudi kwa muuzaji, akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Nikaagiza risiva China, ikakaa njiani wiki saba. Imefika, Windows haiitambui. Ilinibidi niingie kwenye orodha ya vifaa, nichague draiva, ile programu ya kuendesha kifaa, mwenyewe kwa mkono, nitafute lile jina la risiva ya Xbox 360 kati ya majina chungu nzima. Baada ya hapo ikacheza, na ninakiri ilicheza vizuri sana. Lakini nikijumlisha pedi, waya, risiva na nauli, ningepata mpya kabisa ya aina nyingine.

Kijana wa Mbagala, kama ni 360 na muuzaji hana risiva mkononi, ondoka.

Kijana wa Mbagala
Asante Mzee, pole sana kwa picha. Sikuangalia ni ipi, ila ni nyeusi na inatumia betri za kawaida. Kompyuta ni HP EliteBook 840 G3, Windows 10. Gemu ni PES 2017, ya mpira.

Kipanga
Nyeusi na betri za kawaida bado haitoshi, maana 360 nazo zinatumia AA. Ukifika dukani fanya hivi. Tazama plastiki inayozunguka kile kitufe kikubwa cha kuwashia chenye alama ya X. Kama si 360 na plastiki hiyo imeungana na uso wa pedi, rangi moja, basi ina Bluetooth. Kama ni kipande kinachong'aa kilichoshuka kutoka kwenye vitufe vya juu vya mabegani, hiyo ni Xbox One ya zamani, haina Bluetooth, inataka waya au risiva yake. Ukitaka uhakika zaidi toa betri usome namba ndani. 1537 na 1697 hazina Bluetooth. 1708, iliyokuja na Xbox One S mwaka 2016, inayo. 1914 ndiyo ya Series, ina tundu la USB-C na kitufe kidogo cha ziada katikati.

Tofauti na 360, hizi za One ukichomeka waya wa data zinacheza moja kwa moja. Hakikisha tu waya si ule wa chaji peke yake.

Saa Nne Usiku
Mimi nasema jambo moja tu: waya. Mpira ni sekunde. Pasi ya mwisho ikichelewa kidogo beki ameshafika. Mnalipia bila waya halafu mnalalamika mchezaji anageuka akichelewa.

Binti wa Mvita
Mimi sijawahi kuona kuchelewa huko.

Saa Nne Usiku
Hujaona kwa sababu hujawahi kucheza kwa waya ukalinganisha. Cheza wiki moja kwa waya, halafu urudi hewani.

Mtu wa Ilala
Kuchelewa kupo, ila mara nyingi kosa halitoki kwenye pedi. Yangu ilikuwa inakatika kila dakika kumi, mchezaji anakimbia peke yake mpaka anatoka nje na mpira. Nilitaka kuitupa. Kumbe nina diski ya nje ya USB 3.0, na kile kidude changu cha Bluetooth nimekichomeka tundu la jirani yake. USB 3.0 inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, hayo hayo ambayo Bluetooth inayatumia. Intel wenyewe waliliandika jambo hili mwaka 2012. Nilichukua waya wa kurefusha USB, nusu mita hivi, kidude nikakining'iniza pembeni ya meza, mbali na diski. Tangu siku hiyo haijakatika tena. Jaribuni hilo kabla ya kulaumu pedi.

Baba Naima
Hakuna aliyezungumzia betri. Ya Xbox inatumia AA mbili. Zikiisha usiku unatuma mtoto dukani kwa Mangi, unabadilisha, mechi inaendelea. Ya PS4 betri iko ndani, 1000 mAh ikiwa mpya, na hiyo anayoiona Kijana imeshatumika miaka mingapi? Inaweza ikawa inakaa saa mbili tu.

Binti wa Mvita
Kwani ya PS4 haichajiwi? Inaingia waya wa zile simu za zamani, kila nyumba upo. Nacheza huku inachaji. Na ile taa ya mbele ndiyo inayokula, ukiipunguza kwenye DS4Windows inakaa zaidi. Sasa hizo AA za mia tano mia tano zinakufa baada ya siku mbili, piga hesabu ya mwaka uone.

Mzee wa Chaji
AA za kuchaji upya zipo, dada. Nimenunua nne, mbili ziko ndani mbili ziko kwenye chaja. Umeme ukikatika bado nina mbili zilizojaa. Kwa mazingira yetu naona hapo Baba Naima ana hoja.

Mtu wa Ilala
Kwa kuwa zote ni za mtumba, kikubwa ni kuzipima. Nenda na kompyuta yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, gusa Enter. Chagua pedi, fungua sifa zake, utaona kialama cha msalaba ndani ya kiboksi. Usiguse analogi, vile vijiti viwili vya kuzungusha. Kama kinatetemeka au kinajivuta upande mmoja chenyewe, analogi zimelika. Kisha zungusha taratibu mpaka pembeni kabisa, uachie ghafla. Lazima kirudi katikati kila mara. Rudia mara kumi kila upande. Muuzaji akikukatalia kupima, jua analijua tatizo.

Fundi anaweza kubadilisha analogi, lakini ni kulehemu miguu mingi midogo, na akikosea bodi imekufa.

Kijana wa Mbagala
Nimeandika yote kwenye daftari wakuu. Halafu nilisahau kusema, tunacheza wawili. Mdogo wangu anafunga shule mwezi ujao, anakuja kukaa kwangu.

Kipanga
Mkuu! Hilo ndilo lilitakiwa liwe la kwanza. Sasa unanunua pedi mbili au moja?

Kijana wa Mbagala
Bajeti ni laki moja. Nilidhani mmoja atabaki na kibodi.

Saa Nne Usiku
Laki moja unapata mbili za waya, mpya, na chenji ya soda. Wote mnacheza sawa, hakuna mwenye kisingizio.

Baba Naima
Hizo za waya za bei hiyo R2, kile kitufe cha nyuma kulia, inakwama baada ya mwezi. Nimenunua tatu kwa ajili ya watoto, zote zimekufa kitufe hichohicho. Bora moja ya maana kuliko mbili za kutupa.

Mtu wa Ilala
Pedi mbili za bila waya kwenye Bluetooth moja, pamoja na kipanya na spika, kwangu ziliyumba. Mmoja achomeke waya, mwingine acheze hewani. Kwa waya PS4 na Xbox One zote zinakubali. Risiva ya Xbox yenyewe inabeba mpaka nane, ila bei yake utalia.

Binti wa Mvita
Mdogo wako asiachiwe kibodi, mwenzangu. Amefunga shule, amesafiri kuja kwako, halafu umpige mabao matano huku anatafuta herufi? Nunua ile ya PS4 sasa, ya pili akija muongezee.

Simba Damu
Samahani wakuu, kwa kuwa mnacheza PES 2017, kuna mwenye pachi, yale mafaili ya kuongeza kwenye gemu, yenye timu za ligi yetu? Niliyonayo jezi za msimu wa zamani na uwanja wa Mkapa haumo.

Saa Nne Usiku
Ninayo yenye Simba na Yanga, ila makipa wote wana sura moja. Ni GB 6, una bando?

Simba Damu
Nitaifuata na flashi. Uko wapi?

Kijana wa Mbagala
Nimempigia muuzaji. Ile Xbox nyeusi imeshachukuliwa, anasema ana nyingine ya bluu, ya PS4 bado ipo. Nitaenda na kompyuta kwake Kariakoo Jumamosi asubuhi.

Kipanga
Toa betri za hiyo ya bluu, soma namba, utuandikie kabla hujatoa hela.

Simba Damu
Na mimi nitakuwa Kariakoo Jumamosi. Ukiwa na kompyuta nitakuja nikuwekee pachi.