Nimsimulie nini binti yangu, nami sijui hadithi hata moja?

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma

Habari zenu, ndugu zangu wazazi. Mimi ni mvuvi wa dagaa, na kazi yetu, kama wengi wenu mnavyofahamu, hufuata giza: usiku usio na mwezi tunakuwa ziwani na taa zetu mpaka alfajiri, na mchana wake ninalala. Kwa hiyo binti yangu, ambaye sasa ana miaka 7, amekua akiniona zaidi nikiwa usingizini. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nilikaa nyumbani mfululizo, na ndipo nilipobaini kwamba mimi na yeye hatuna la kuzungumza. Hali hiyo haijabadilika sana hadi leo. Nikimwuliza shule ilikuwaje, hujibu "nzuri," kisha hukimbilia jikoni kwa mama yake, ambako husikika akiongea bila kupumzika mpaka ugali unaiva.

Mke wangu alinishauri nimsimulie hadithi kabla ya kulala. Nilianza na ile ya sungura na fisi, nikafika katikati nikamchanganya fisi na chui, naye akanisahihisha kwa upole kana kwamba mimi ndiye mtoto. Bibi aliyezijua ngano hizo alikuwa Kasulu, nami nililelewa mjini kwa mjomba, ambako baada ya chakula kilichofuata kilikuwa redio. Je, asiyejua ngano afanye nini? Mambo ya kawaida ya siku yangu yanatosha kuwa hadithi, au nitamchosha mtoto kwa habari za nyavu na injini?

Bibi wa Ng'ambo, Tabora

Mwanangu, yanatosha, tena yanazidi. Sisi tulipokuwa wadogo tulikatazwa kusimuliana hadithi mchana, tukaambiwa kwamba atakayethubutu ataota pembe, na nilipokuwa mtu mzima nikaelewa kuwa wazee walitaka tu karanga zimenywe kwanza. Usiku ukifika, tuliitikia "paukwa, pakawa" kama watoto wote. Hata hivyo, nilipopata wajukuu wangu mwenyewe, niligundua kwamba wanachokidai si sungura wala fisi. Wanadai kuku wa babu yao.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli, na safari moja alitoka Kigoma na kuku kwenye kikapu, naye kuku akachoropoka ndani ya behewa la daraja la tatu walipokaribia Nguruka. Abiria nusu walipanda juu ya viti, na mama mmoja akamficha kuku huyo chini ya kanga yake akijifanya hajui lolote, mpaka kuku mwenyewe alipolia. Hakuna zaidi ya hapo. Nimeisimulia hadithi hii mara zisizohesabika, na siku nikiruka ile sehemu ya kanga, wajukuu hunirudisha nyuma mara moja. Chukua tukio moja dogo la usiku wako, ulisimulie polepole, na penye sauti utoe sauti. Injini ya mtumbwi inaponguruma, mtoto gani atachoka?

Mwalimu wa darasa la pili, Ujiji

Ningependa kuongezea kuhusu swali lako la "shule ilikuwaje." Kwa masikio ya mtoto hilo ni swali la mkaguzi, naye hulijibu kama wakaguzi wanavyojibiwa. Tangulia wewe kusimulia siku yako, ndipo uone kama naye atatoa yake. Ukitaka kuuliza, uliza kuhusu jambo mliloliona pamoja, kwa namna ambayo haimalizwi kwa "ndiyo" au "hapana": kwa mfano, yule mbuzi aliyeingia sokoni, nani alimfukuza, na ilikuwaje akatoroka.

Katika Chuo Kikuu cha Emory, nchini Marekani, watafiti Marshall Duke na Robyn Fivush waliandaa maswali 20 kuhusu historia ya familia, kama vile mtoto anajua wazazi wake walikutanaje, na wakaona kwamba watoto waliojua mengi zaidi walikuwa na mwelekeo wa kujiamini zaidi. Wao wenyewe walitahadharisha kwamba kumkaririsha mtoto majibu hakusaidii kitu, kwa kuwa faida inatokana na mazoea ya kuzungumza pamoja. Kwa hiyo naomba mtu asiyageuze mazungumzo ya jioni kuwa mtihani. Mitihani tunayo ya kutosha huku shuleni.

Mrina asali, Sikonge

Kaka, simulia hata ulipokosea, na usimalizie kwa funzo. Nilimsimulia mwanangu jinsi nilivyoteleza nikishusha mzinga, nyuki wakaniuma uso mzima, nikarudi nyumbani mbwa wangu mwenyewe akinibwekea. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikaharibu kwa kusema, "Ndiyo maana nakukataza kupanda miti," naye akainuka akaenda zake.

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma

Shikamoo bibi, na ninyi wengine nawashukuru sana. Jana tulikuwa barazani tukichambua mchele, nikaanza bila kuulizwa: nikamweleza jinsi taa yetu ilivyozimika ghafla tukiwa mbali na ufuko, dagaa waliokuwa wamejaa chini yake wakatoweka, na jinsi nilivyoogopa nikapapasa mfukoni kutafuta kiberiti ambacho nilikuwa nimekikalia. Aliacha kuchambua. Akaniuliza, "Sasa dagaa walienda wapi?" Nilimwambia ukweli kwamba sijui.

Tulikaa kimya kidogo, nami nilijizuia nisiulize lolote. Baadaye, akiwa ameinamia ungo, akasema kwamba rafiki yake amehamishiwa dawati la mbele na siku hizi haketi na mtu wa kuongea naye. Kwa kweli nilikuwa sijui hata kama ana rafiki. Akanitajia jina lake, kisha akanieleza huyo rafiki anavyocheka, akamwigiza.

Kesho giza linaanza na ninarudi ziwani. Ameniagiza nikaangalie vizuri dagaa huwa wanakimbilia wapi.