Je, pambano la mwisho linaiharibu Black Panther?

Muulizaji:
Ndugu zangu, nimeitazama upya Black Panther, filamu ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Ryan Coogler, na bado sielewi kwa nini kazi iliyosukwa kwa uangalifu kiasi hicho imalizikie kwa watu wawili, mfalme T'Challa na mpinzani wake Killmonger, waliovaa mavazi yanayofanana, wakipigana kwenye reli za chini ya ardhi, katika giza ambamo ni shida kujua nani anampiga nani. Katika mapambano ya awali ya kugombea kiti cha ufalme, kwenye maporomoko ya maji, tuliona mikuki, maji na nyuso za jamaa waliokuwa wakishangilia, na kila pigo lilituuma. Je, kasoro hiyo inatosha kuishusha filamu nzima?

Mchangiaji wa kwanza:
Kwa maoni yangu, picha za kompyuta ni kasoro ndogo kuliko ile ya hadithi yenyewe. Killmonger, aliyeigizwa na Michael B. Jordan, analeta shutuma nzito kwamba Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika anayoitawala T'Challa, ilikuwa na silaha na utajiri, lakini ikajificha huku watu weusi wakiteseka duniani kote. Badala ya kuijibu shutuma hiyo, waandishi wanamfanya aiteketeze bustani ya mimea mitakatifu na kumkaba koo mama anayeitunza, ili tupate sababu ya kumchukia. Hata hivyo, T'Challa anapokutana tena na baba yake katika ulimwengu wa mababu, anamwambia waziwazi kwamba yeye na mababu wote walikosea, na ujasiri huo sijauona katika filamu nyingi za mashujaa.

Mchangiaji wa pili:
Nguvu yake nyingine iko kwenye mavazi, yaliyompatia Ruth E. Carter tuzo ya Oscar. Mashujaa wa mpakani wamejifunika mablanketi ya Kisotho, naye malkia mama amevaa kofia iliyotokana na ile ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Linalonisumbua ni lugha, kwa maana nchi hiyo imewekwa upande wetu wa mashariki ya bara, lakini watu wake wanazungumza Kixhosa. Chanzo kinajulikana: ndiyo lugha ya John Kani, aliyeigiza kama baba wa T'Challa tangu filamu ya mwaka 2016, Captain America: Civil War, na ikaendelezwa. Ni lugha nzuri, ila mtazamaji wa huku anabaki akijiuliza ilifikaje huko.

Mchangiaji wa tatu:
Naomba kutofautiana kidogo na mchangiaji wa kwanza. Jibu kwa Killmonger lilikuwapo tangu mapema, nalo lilitolewa na Nakia, jasusi wa Wakanda na mpenzi wa T'Challa, aliyeigizwa na Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o, alipomsihi T'Challa awapokee wakimbizi na kuwasaidia wenye shida bila kumwaga damu. Mfalme anaufuata ushauri huo mwishoni, anapofungua kituo cha misaada kule Oakland, Marekani, na kumkabidhi Nakia sehemu ya kazi hiyo. Kosa la waandishi ni kwamba hawakuwahi kuwakutanisha Nakia na Killmonger wajadiliane ana kwa ana, na hayo ndiyo makabiliano ambayo ningependa yachukue nafasi ya zile dakika za gizani.